Kadi Huanza kwa Neno

Mwanamke wa Mombasa akiingia duka la leso, ndiyo kanga, Barabara ya Biashara, huitandaza leso mikononi, akaitazama rangi, akakipapasa kitambaa, kisha macho yake hushuka pale chini penye jina, yaani ule msemo ulioandikwa. Hapo ndipo uamuzi ulipo. Mji, ile sehemu ya katikati, unaweza kuwa umependeza na pindo likawa limekaa sawa, lakini jina lisiposema analotaka yeye kusema, leso hukunjwa ikarudishwa rafuni. Nimekua nikiyaona haya nikiwa nimeshikwa mkono na mama, na yamenifunza kutengeneza kadi kuliko somo lolote la uchoraji nililolipata baadaye.

Kazi yangu ni kadi za mkono: za Idi, za harusi, za mzazi aliyejifungua, za watahiniwa, za pole. Nachora kwa rangi za maji, naandika kwa kalamu ya tete au kwa nibu ya chuma. Ninaloamini, na ndilo ninalotaka kulieleza hapa, ni kwamba kadi huanza kwa neno. Picha huja baadaye, tena kwa ruhusa ya lile neno. Wengi wanaojifunza sanaa hii siku hizi huanzia upande wa pili: huchora ua, wakalirembesha mpaka likajaa karatasi nzima, kisha wakatafuta pa kuibana "Hongera" kwenye kona. Ua hupendeza kweli. Kadi bado haijasema kitu.

Bi mkubwa mmoja wa Kibokoni alinijia akitaka kadi ya kumpelekea somo yake, rafiki yake wa karibu, aliyepata mjukuu. Alikuja na picha ya mawaridi kwenye simu.

"Nichoree haya, mwanangu. Haya haya."

"Inshallah, mama. Na ndani utamwambia nini?"

"We andika hongera tu, yatosha."

Nikamwomba akae, nikamtilia kahawa, nikamuuliza huyo somo yake ni mtu gani. Akaanza kusimulia. Walisoma chuo kimoja, wakaolewa miaka ya karibu karibu, na yeye alipougua baada ya uzazi wake wa kwanza, ni yule somo aliyemchukua mtoto akamlea mpaka mamake akapata nguvu. Katikati ya maneno akatamka, bila hata kujua kwamba amelisema neno la kadi: "Alinipakatia wangu, nami sasa anipe wake nimpakate." Nikaiandika sentensi hiyo pale pale kwenye kipande cha karatasi, nikamsomea. Akanyamaza, kisha akasema, "Basi hayo mawaridi yaache." Nikachora kipande cha mkeka wa ukindu, vile vya milia ya rangi ambavyo watoto hulazwa, na maneno yakakaa juu ya mkeka mahali ambapo mtoto angelala. Neno ndilo lililoniambia nini cha kuchora.

Kadi za kuchapwa zilianza na upungufu huu huu wa kukosa neno la mtu mwenyewe. Mwaka 1843, Henry Cole wa London alimwomba mchoraji John Callcott Horsley amtengenezee kadi ya Krismasi ya kuwapelekea jamaa na marafiki. Zikachapwa kwa lithografia, zikatiwa rangi kwa mkono moja baada ya nyingine, na nyingine zikauzwa kwa shilingi moja kila moja. Juu paliachwa nafasi ya jina la anayepelekewa, chini nafasi ya jina la anayepeleka, na katikati salamu moja kwa watu wote. Kwa hiyo rangi ilikuwa ya mkono na neno lilikuwa la chapa. Hata zile kadi za mtihani ambazo kila Mkenya wa rika langu anazikumbuka, zilizokuwa zikitandazwa kando ya barabara kila ifikapo Oktoba, zilifuata mtindo huo huo: picha ya kung'aa, shairi fupi lililoandikwa na mtu asiyekujua, na mstari mtupu wa kutia sahihi. Nilizipenda, na bado nimeziweka kadhaa. Lakini ninazozisoma tena ni zile ambazo shangazi yangu aliandika upande wa nyuma kwa kalamu ya kawaida.

Nikirudi kwenye leso: mpangilio wake ndio ninaoutumia kupangia kadi. Leso ina pindo linalozunguka pande zote, ina mji katikati, na jina hukaa ndani ya mji, upande wa chini. Duka la Kaderdina Hajee Essak pale Barabara ya Biashara limekuwapo tangu mwaka 1887, na maandishi ya "Mali ya Abdulla" yaliyo kwenye leso zake yanajulikana mpaka bara. Leso za mwanzo zenye maneno ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha zikahamia Kilatini. Kwenye kadi naanza kwa kuchora kisanduku cha jina kwa penseli nyepesi kabla hata ya kufungua rangi. Nikishajua maneno yatachukua sentimita ngapi, ndipo najua mji umebakiwa na nafasi gani, na pindo liwe nene au jembamba kiasi gani. Mara nyingi pindo halina haja ya kuzunguka kote. Upande mmoja wenye nakshi kama ile ya milango ya Mji wa Kale watosha, hasa ule ufito wa kati wa mlango, mfaa, wenye maua yanayopanda moja juu ya jingine. Nakshi hiyo ilibuniwa ikae wima mahali pembamba, na ukunjo wa kadi ndio mahali pembamba penyewe.

Sasa khati, yaani sanaa ya kuandika herufi. Kwa herufi za Kiarabu natumia tete lililokauka vizuri, ninalolichonga kwa kisu kikali: kwanza mkato mrefu wa mlalo, kisha mpasuko mdogo katikati ili wino uteremke, kisha ncha inakatwa kwa mshazari. Upana wa ncha hiyo ndio kipimo cha kila kitu. Ukiigusisha karatasini na kuivuta kidogo unapata nukta yenye pembe nne, na kwa nukta hizo hupimwa urefu wa alifu, kina cha nuni, uwazi wa tumbo la jimu. Utaratibu huu wa mizani unahusishwa na Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyekufa mwaka 940. Alifu ya thuluthi, mtindo mmojawapo wa khati ya Kiarabu, huchukuliwa kuwa nukta saba. Ukibadilisha kalamu, herufi zote hukua au hupungua pamoja, na uwiano unabaki. Hii ndiyo sababu naweza kuyapima maneno ya mteja kabla sijaandika hata herufi moja.

Pwani yetu haikuazima sanaa hii juzi. Mji wa Siyu, kisiwani Pate, ulisifika karne ya 18 na ya 19 kwa wanakili wa misahafu, na kazi zao zimepambwa kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano, mapambo yakiyazunguka maandishi bila kuyavamia. Hapa Mombasa, Mwalimu Sikujua aliyanakili mashairi ya Muyaka bin Haji kwa herufi za Kiarabu katika karne hiyo ya 19. Kuna tatizo moja ambalo wanakili wote walikutana nalo, nami nakutana nalo kila nikiandika kadi ya Kiswahili kwa khati hii. Maandishi ya kale mara nyingi hayakutenga p na b, wala e na i, wala o na u. Bila alama za ziada, "pole" na "buli" huandikwa kwa herufi zile zile. Msomaji wa utenzi hutambua kwa maana ya ubeti. Mfiwa anayefungua bahasha hapaswi kupewa kazi ya kukisia. Sheikh Yahya Ali Omar, mwanachuoni wa Mombasa, aliliandikia suala hili na kupendekeza namna ya kuzitenga sauti za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na mimi nafuata njia hiyo ya kuongeza nukta na alama. Kuna wanaosema alama zinaharibu uzuri wa khati. Mimi naona zinaweza kupangwa zikawa ndizo pambo lenyewe, nukta tatu za p zikitiwa rangi nyekundu, kwa mfano, na maandishi mengine yakibaki meusi.

Maandishi ya kwanza ya rangi ya maji niliyoyaona maishani yalikuwa kombe. Maalim aliyekuwa akija nyumbani aliandika aya kwenye sahani nyeupe kwa zafarani iliyoloweshwa kwa marashi, akisubiri ikauke, kisha ikaoshwa kwa maji na mgonjwa akanywa. Nilikuwa mtoto, na nilichokitazama ni ule mkono: hauna haraka, hauna papara, na rangi ya manjano inazidi kukolea pale kalamu iliposimama mwisho wa herufi. Ule mkusanyiko wa rangi mwishoni mwa herufi ndio ninaoutafuta hadi leo. Nautafuta kwa kuandika kwa rangi ya maji badala ya wino, nikiijaza kalamu kwa brashi, rangi moja ikiisha naongeza nyingine, ili neno lianze na samawati na kuishia na kijani bila mpaka kuonekana.

Zafarani yenyewe siitumii kwenye kadi. Rangi yake hufifia kwa mwanga, na bizari manjano ni mbaya zaidi. Kadi inayowekwa juu ya kabati mbele ya dirisha la Mombasa hupigwa na jua kali karibu mwaka mzima. Rangi za maji za dukani ni unga wa rangi uliofungwa kwa gundi ya mgunga, gundi ambayo hukusanywa hata kaskazini mwa Kenya hii, na kila kopo zuri huandikwa rangi hiyo inastahimili mwanga kiasi gani. Soma hapo kabla ya kulipa. Pinki zile zinazowaka kama taa ndizo huwahi kutoweka. Bluu ya ultramarini hustahimili, tena chembe zake hutuama kwenye vishimo vya karatasi zikafanya mchanga mchanga unaofaa sana kwa bahari ya Likoni asubuhi.

Kwa herufi za Kilatini natumia nibu yenye ncha kali, mara nyingi Nikko G kutoka Japani, kwa sababu ni ngumu kidogo na haimtoroki mwanafunzi. Ukiivuta kuja chini huku ukibonyeza, ncha zake mbili hupanuka na mstari unanenepa, na ukipanda juu bila kubonyeza unapata uzi mwembamba. Wengi hujifunza kwa mifano ya Kiingereza, kisha wakaja wakaandika Kiswahili na kushangaa kwa nini hakikai vile vile. Kiswahili kina tabia zake karatasini. Karibu kila neno huishia kwa irabu, kwa hiyo karibu kila neno lina mkia unaotaka kurefushwa. Ukiirembesha mikia yote, mstari unakuwa kichaka. Mimi huchagua mkia mmoja kwa kadi nzima, aghalabu ile *a* ya mwisho kabisa, na nyingine nazifunga fupi. Tena maneno yetu ni marefu. "Tunakuombea" lina herufi 11, na "tunawashukuruni" linakaribia kuujaza upana wote wa kadi. Kulikata neno katikati ni kulivunja, kwa hiyo lile refu kuliko yote ndilo linaloamua ukubwa wa herufi. Linaandikwa kwanza kwenye karatasi ya majaribio, nalo linayapangia mengine.

Karatasi ni mahali nisipopunguza gharama. Natumia ya gramu 300 kwa mita ya mraba, ya pamba nikiweza, nayo kwa kawaida naiagiza Nairobi ikaja na basi. Karatasi nzima ya sentimita 56 kwa 76 hutoa vipande 10 vya ukubwa wa A5, na kila kimoja kikikunjwa ni kadi ya A6 inayoingia kwenye bahasha ya C6. Hubaki ukanda wa sentimita 14, huo wa kujaribia rangi. Kwa khati chagua yenye uso laini uliobanwa kwa moto. Ile yenye mikwaruzo hupendwa na wachoraji, lakini nibu hukwama na kurusha wino.

Hewa yetu ndiyo mtihani mkubwa, na hapa vitabu vya ng'ambo havisaidii. Karatasi nyingi nzuri za rangi za maji hutiwa jeletini ili maji yasizame upesi. Ikihifadhiwa kwenye unyevu wa miezi ya kusi, jeletini huharibika, na siku ya kuandika utaona wino ukitambaa pande zote kama mizizi. Weka karatasi ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, pamoja na vile vifuko vya dawa ya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na usiegemeze ukutani katika nyumba za Mji wa Kale, kuta zile za mawe ya matumbawe huvuta maji. Wakati wa kuchora nao hubadilika. Mwezi wa Mei rangi hukaa mbichi muda mrefu, jambo zuri kwa anayetaka rangi mbili zichanganyikane zenyewe. Hatari iko katikati, rangi ikiwa nusu imekauka. Tone moja la maji likiangukia hapo, husukuma rangi pembeni ikafanya ukingo wenye meno meno usiofutika. Sehemu kavu duniani kipindi hicho cha hatari hupita upesi. Kwetu kinaweza kuendelea hadi chai imepoa. Kwa hiyo nachora kadi kadhaa kwa pamoja, nikitoka moja naingia nyingine, na sirudi kwenye ya kwanza mpaka mgongo wa mkono wangu ukiigusa hauhisi ubaridi wowote. Feni naielekeza ukutani, kamwe si karatasini.

Mafuta nayo. Mikono ya pwani ina mafuta ya nazi, na penye alama ya kidole chenye mafuta rangi haishiki. Naosha mikono kwa sabuni kabla ya kazi, na chini ya kiganja naweka karatasi safi. Nibu mpya vile vile huja imepakwa mafuta ya kuzuia kutu. Isugue kwa dawa ya meno, isuuze, uikaushe, ndipo itashika wino.

Wateja wangu wengi wa harusi hutaka asumini, na ninawaelewa, maana harusi bila vikuba, vile vishada vya asumini na mrehani, haijakamilika. Kuchora asumini ndiko kulikonifundisha uvumilivu. Katika rangi za maji, weupe ni karatasi yenyewe. Huna ua la kuchora. Unachochora ni kila kitu kisichokuwa ua. Naanza kwa penseli isiyoonekana sana, kisha naweka kijani cha majani ya mrehani pembeni mwa kila petali, kijani kizito kabisa penye kina na chepesi penye mwanga, na petali zinabaki pale zilipoachwa. Halafu kivuli kidogo cha kijivu chenye zambarau ndani yake, pale petali inapokutana na mwenzake, na doa la manjano chini. Basi. Ukiongeza jambo jingine umelichafua. Wako wanaochora asumini kwa rangi nyeupe nzito juu ya kijani, na siwalaumu, ila weupe ule hulala juu ya karatasi kama chokaa. Weupe wa karatasi hutoka ndani. Na kwa vile eneo jeupe limeachwa tangu mwanzo, hapo hapo ndipo jina hukaa, likizungukwa na maua ambayo nayo ni karatasi tupu. Hii ndiyo kadi ya harusi ninayoipenda kuliko zote ninazozitengeneza.

Kukunja ni jambo dogo lenye madhara makubwa. Karatasi ya gramu 300 ina uelekeo wa nyuzi; ukikunja kuukata, mgongo wa kadi hupasuka na nyuzi zikaonekana. Ipinde kidogo pande zote mbili bila kuikunja, upande unaokubali kirahisi ndio wa kufuata. Kisha pitisha mgongo wa kisu cha mezani kando ya rula, ndipo ukunje. Kwenye bahasha andika kwa wino usiotoka kwa maji, maana tuktuk hazina milango na mvua ya Mombasa haibishi hodi.

Kadi za pole nazifanya peke yake, siku nyingine, kwenye meza iliyosafishwa. Hazina ua. Rangi ni moja, samawati iliyotiwa maji mengi, ikishuka kutoka juu na kuishia kabla ya kufika katikati, na chini yake maneno. Hapa ndipo ninapokaa na mteja muda mrefu zaidi, kwa sababu watu wakifiwa wenzao hukimbilia sentensi ambazo zimekwisha kusemwa na kila mtu barazani. Nawauliza: marehemu alikufanyia nini? Jibu likipatikana, hata kama ni kwamba alikuwa akimpelekea jirani mahamri kila Ijumaa, hilo liandikwe. Mjane mmoja wa Makadara aliniambia kwamba kadi aliyosoma zaidi ni ya kijana fundi wa baiskeli, iliyosema mumewe ndiye aliyemlipia karo ya mwaka wake wa mwisho. Mjane mwenyewe hakuwa na habari.

Maagizo ya kadi za Idi nayapokea tangu mwezi wa Shaabani, na nafunga likianza kumi la mwisho la Ramadhani, kwa kuwa siku hizo sishiki brashi. Ukija, usiwe na wasiwasi juu ya picha. Njoo na jina la unayempelekea, na neno moja ambalo ni yeye tu angeweza kuambiwa.